Fundi Aliyerudi Kusema Ndaga

Neli alimenya ndizi nyingi asubuhi ile. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mume wake Yotamu. Lakini ndizi za watu wawili zisingetosha. Leo ilikuwa zamu yao kuwalisha wenzake Yotamu.

Wenzake hawakuchelewa. Mtu aliyealikwa kula hachelewi. Waliingia uani mmoja mmoja, wakanawa mikono, wakaketi kuzunguka chungu. Mbele yao alikuwa Tuntufye, rafiki mkubwa wa Yotamu. Huyu alijua kucheka hata siku ya njaa.

"Ugonile, shemeji," alisalimu Tuntufye.

"Ndaga. Karibuni," alijibu Neli. Kwa Kinyakyusa ndaga ni asante, tena ndiyo jibu la salamu.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Makwale, na ya Wanyakyusa wote wa wakati ule. Vijana wa rika moja walijenga pamoja, walilima pamoja na walikula pamoja. Kukaa hivyo na wenzako, mkila na kuzungumza, kwa Kinyakyusa huitwa ukwangala. Ni jambo zuri, tena tamu. Mtu aliyependa kula peke yake alitazamwa kwa jicho baya. Watu walinong'ona, "Huyo anaficha nini?"

Wakati huo Wajerumani ndio waliotawala. Kila mwenye nyumba alitakiwa kulipa kodi. Yotamu na wenzake walikuwa mafundi wa mbao. Walijifunza kazi misheni, huko juu milimani. Walipasua mbao, walipiga randa, walitengeneza milango, madirisha na mahodhi ya maji. Kisha kanisa walilokuwa wakilijenga huko likakamilika. Siku ya kulifungua waliimba kwa furaha. Kesho yake waliagwa vizuri, wakarudi nyumbani na vyombo vyao vya kazi. Hakuna aliyewakosea. Kanisa likiisha kujengwa, limeisha.

Mwezi huo alifika mtu mmoja kutoka pwani. Alitafuta vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya mpira. Alisema, "Kodi yenu nitailipa mimi. Mwezi mpya ukiandama, tunaondoka kutoka bandari ya Mwaya."

Maneno yalikuwa matamu, lakini pwani ilikuwa mbali. Waliotangulia walikaa miaka mingi. Wengine hawakurudi, na ndugu zao hawakujua hata walikozikwa.

Neli alikuwa na mimba kubwa. Alitaka mume wake awepo mtoto atakapozaliwa. Yotamu naye alitaka hivyohivyo. Lakini bila kazi ya karibu hakuna kodi, na bila kodi itambidi aende pwani. Jambo hilo lilimnyima raha hata ya kutafuna.

"Jamani, nani amesikia habari ya kazi?" aliuliza Yotamu.

"Mimi nimesikia ya Ndandalo," alisema kijana mmoja, jina lake Aliko.

"Hiyo nilikuambia mimi," alisema mwingine.

"Na wewe nilikuambia mimi," alisema Tuntufye.

"Na wewe nilikuambia mimi, hapahapa," alisema Yotamu.

Wakacheka. Lakini habari ya Ndandalo ilikuwa ya aibu.

Ilikuwa hivi. Mkulima mmoja wa Ndandalo alitaka fundi wa kumtengenezea mlango. Vijana waliposikia, waliondoka wote pamoja. Nani angethubutu kwenda peke yake? Wangesema anakula peke yake. Basi walitokea wote kwa mara moja kwenye migomba ya yule mkulima, kila mtu na shoka au tezo ya kuchongea begani. Mkulima alidhani vita imeanza. Akakimbilia ndani afunge mlango. Mlango haukufungika. Ndio huohuo uliohitaji fundi.

Baadaye aliwaelewa, akasema, "Namtaka mmoja tu." Vijana wakajibu, "Sisi ni rika moja. Utuchukue wote au utuache." Mkulima akawaacha. Usimcheke sana, msomaji. Mlango mmoja haujengwi na kijiji.

Basi siku ile ya zamu ya Neli ndizi zilikwisha, na chungu chake kikapasuka. Kilikuwa kimechoka.

Kesho yake walipita wanawake wa Kikisi wakiuza vyungu. Walivuka ziwa kwa mtumbwi mpaka Mwaya, kisha wakapanda na mizigo kichwani. Mmoja wao alikuwa mama mtu mzima aliyeitwa Rut. Alitua mzigo wake kwa Neli, akagonga chungu kikubwa kwa kidole. Chungu kikalia vizuri.

"Huyu ni mzima," alisema Rut, kana kwamba chungu ni mtu. "Mjaze mchele, mchele uwe wangu, yeye awe wako. Lakini chungu kikubwa hivi cha nini? Nakuona na mtoto mmoja, tena bado yuko tumboni."

Neli akamweleza habari ya wageni, ya kazi na ya pwani. Yotamu alikuwa karibu, akinoa patasi isiyokuwa na kazi.

"Njoo hapa, mwanangu," Rut alimwita. "Unatafuta kazi gani?"

"Kazi yoyote, mama."

"Kazi yoyote siijui. Mimi nikifika uani kwa mtu sisemi, 'Nauza kitu chochote.' Nasema, 'Nauza chungu cha kupikia ndizi.' Mwenye shida ya chungu atanikumbuka. Haya, wewe unajua kufanya nini?"

Yotamu alifikiri. "Najua kupasua mbao na kupiga randa. Najua kuunga mbao zisipitishe maji. Misheni nilitengeneza mahodhi."

"Sasa umesema. Na umewaambia watu gani?"

"Rika langu lote. Tunakutana kila siku."

"Wao wanafanya kazi gani?"

"Ni mafundi wa mbao, kama mimi. Nao wanatafuta."

Rut alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, mimi ni Mkisi wa Lyulilo. Kwetu mlima umeshuka mpaka majini, pa kulima ni padogo. Sisi wanawake tunafinyanga. Sasa kama ningewauzia vyungu wafinyanzi wenzangu, leo ningekuwa nakula udongo."

Neli alicheka. Yotamu hakucheka, kwa sababu alikuwa anaelewa.

"Ukwangala si kosa," Rut aliendelea. "Wenzako ni wenzako, usiwaache. Lakini wanajua unachokijua wewe tu. Mnamimina maji yaleyale kutoka chungu hiki kwenda kile. Hayaongezeki. Habari mpya ziko kwa watu usiokula nao. Muuza vyungu anazo. Mvuvi anazo. Mpishi anazo kuliko wote, maana mtu akishiba husema."

"Lakini siwajui watu hao, mama."

"Mimi unanijua tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

"Basi inatosha. Pale Mwaya, karibu na gati, yuko mama anayeitwa Felista. Anawapikia watu wa bandari. Ni mteja wangu, maana vyungu vyake hufa kila siku. Nenda ukamsalimu, mwambie Rut amekutuma. Usiende na kundi. Usianze kwa kuomba. Mwonyeshe kazi ya mikono yako, kisha mwambie unachojua. Naye atakuonyesha mtu mwingine."

"Na huyo mtu mwingine asiponipa kazi?"

"Mwulize ni nani anayeweza kuwa nayo. Lakini sikiliza neno moja. Mtu akikutuma kwa mtu, rudi umpe jibu, zuri au baya. Mimi nisiporudisha jibu, nani atanituma tena kwa wateja wake?"

Rut akachukua mchele wake, akajitwika vyungu, akaenda zake.

Jioni Yotamu alimweleza Tuntufye. Tuntufye hakufurahi hata kidogo.

"Kwa hiyo unakwenda peke yako," alisema. "Umeanza kula peke yako."

Maneno hayo yalimchoma Yotamu. Kwa Mnyakyusa hilo ni tusi hasa.

"Tuntufye, tulikwenda wote Ndandalo, tukamtisha mtu bure," alijibu. "Acha niingie kwanza. Nikiingia mlangoni, sitaufunga."

Tuntufye aliondoka bila kuaga. Kesho yake alikwenda kwa yule mtu wa pwani, akakubali kusafiri naye.

Yotamu alifika Mwaya na mfuko wake wa vyombo. Bandari ilikuwa na watu wengi. Meli kubwa haikuweza kufika ufukoni, kwa sababu maji yalikuwa mafupi. Kwa hiyo magunia ya mchele yalipelekwa kwenye meli kwa tishali, yaani mashua pana za mizigo. Karibu na gati alimkuta mama mnene, akipakua wali na samaki. Wateja waliketi kwenye benchi refu. Kila mmoja wao alipogeuka, benchi liliyumba na mchuzi ukamwagika.

"Ugonile, Mama Felista. Mama Rut wa Lyulilo anakusalimu."

"Rut? Amefika na vyungu?"

"Amefika. Atapita kwako akirudi. Mama, hili benchi lako limelegea mguu. Naomba nilitazame."

Watu walipomaliza kula, Yotamu alilipindua benchi. Alichonga kipande cha mbao, akakipigilia penye kiungo, akasawazisha miguu kwa tezo. Kisha akalisimamisha na kupanda juu yake. Benchi halikutikisika.

"Unanidai nini?" aliuliza Felista.

"Sikudai, mama. Mimi ni fundi wa mbao wa Makwale. Najua kupasua mbao, kupiga randa, na kuunga mbao zisipitishe maji. Natafuta kazi hiyo. Ukisikia mtu anaihitaji, unikumbuke."

"Umesema vizuri," alisema Felista. "Wengine huniambia wanataka kazi yoyote. Nawasahau kabla hawajanawa mikono. Keti ule. Kuna mtu anakuja."

Mtu huyo aliitwa Andongwisye. Alikuwa fundi mkuu wa tishali zote za Mwaya. Uso wake ulikuwa mkavu, na maneno yake machache. Aliketi, akasubiri benchi liyumbe kama kawaida. Halikuyumba. Akainama kutazama mguu.

"Nani kafanya hivi?"

"Kijana huyu," alisema Felista. "Rut ndiye aliyemtuma kwangu. Anajua kuunga mbao za kushika maji."

Andongwisye alimtazama Yotamu. "Kazi sina. Mafundi wangu wanatosha."

Yotamu alivunjika moyo. Lakini hakuinuka.

"Sawa, fundi. Je, unamjua mtu mwingine anayejenga sasa?"

Andongwisye alikula matonge mawili kabla ya kujibu.

"Yuko Ambrose, kule Katumba Songwe. Anajenga ghala la mpunga. Mwambie Andongwisye wa tishali ndiye aliyekuelekeza."

Yotamu alitoka na furaha. Alilala kwa ndugu yake wa mbali pale Mwaya, na asubuhi akashika njia ya Songwe. Alipita mashamba ya mpunga, akavuka vijito, akauliza njia kila alipokutana na mtu. Na kila mtu Yotamu alimweleza pia kazi anayoijua. Alikuwa ameanza kuzoea.

Ambrose alikuwa mkulima mkarimu mwenye ndevu nyeupe. Aliposikia jina la Andongwisye alimkaribisha kwa mikono miwili. Lakini ghala lilikuwa tayari na mafundi.

"Umechelewa, mwanangu," alisema. "Ungekuja kabla ya hawa, ningekuchukua wewe. Sasa siwezi kuwafukuza watu wa watu."

Yotamu alitamani kukaa chini na kulia. Alijizuia. Akaona pembeni mbegu za maharage zimemwagwa chini kwenye mkeka.

"Bwana Ambrose, mbegu hizi panya hawazili?"

"Wanazila sana. Sina vyungu vya kutosha, na huku wafinyanzi hawafiki."

"Nitamwambia Mama Rut wa Lyulilo. Vyungu vyake ni imara. Nimevisikia vikilia."

"Ndaga fijo, asante sana," alisema Ambrose. "Hilo nalo ni jambo kubwa."

Yotamu alirudi moja kwa moja Makwale. Njia ya Mwaya aliiona, akaipita. Angewaambia nini Felista na Andongwisye? Kwamba amekosa? Aliona aibu. Tena mwezi ulikuwa umebaki uzi tu angani, na siku ya mtu wa pwani kuondoka ilikuwa karibu.

Neli alipomwona, alijua. Alimwekea chakula, akasubiri ale. Yotamu hakula.

"Kesho nakwenda kwa mtu wa pwani," alisema. "Nimeshindwa, Neli."

Neli alilia. Alilia kwa sauti, bila kujificha. Kisha akajifuta uso kwa kanga, akauliza swali.

"Umewarudishia jibu watu wa Mwaya?"

"Jibu gani? Sikupata kitu."

"Mama Rut alisema jibu zuri au baya. Kwanza nenda ukawaambie ndaga."

"Ndaga ya nini, mke wangu?"

"Ya njia. Hawakukupa kazi, lakini walikupa njia. Njia nayo hushukuriwa. Na kama utakwenda pwani, uende bila deni la shukrani."

Yotamu alimtazama mke wake. Kisha akavuta chakula, akala.

Usiku ule upepo wa kusini ulivuma kwa nguvu, ukapiga ziwa mpaka migomba ya Makwale ikalala. Asubuhi Yotamu alikwenda Mwaya. Karibu na gati aliwaona vijana wamepanga mizigo yao. Mtu wa pwani alikuwa akiwapa chakula cha njiani. Tuntufye alikuwa miongoni mwao. Alimwona Yotamu, akageuza uso.

Yotamu alimsalimu Felista kwanza, akamweleza yote. Kisha akaenda ufukoni kumtafuta Andongwisye. Alimkuta amesimama kando ya tishali iliyopandishwa nchi kavu. Upepo wa usiku ulikuwa umeipigiza kwenye gati. Mbao za ubavuni zilipasuka.

"Ugonile, fundi. Nimekuja kukupa jibu la Katumba Songwe. Bwana Ambrose alinipokea vizuri kwa ajili ya jina lako. Lakini kazi ilikuwa imejaa. Sikupata. Ndaga fijo kwa kunielekeza."

Andongwisye aligeuka polepole.

"Umetembea mpaka hapa kuniambia kwamba umekosa?"

"Ndiyo, fundi."

"Nimewaelekeza watu wengi mimi. Waliopata hawakurudi, walikuwa na kazi. Waliokosa hawakurudi, walikuwa na hasira. Wewe ndiye wa kwanza."

Aligusa ubao uliopasuka.

"Unaiona hii? Meli inakuja kuchukua mchele, na tishali yangu kubwa imeumia. Mikono ya kufanya kazi naweza kuipata. Lakini tishali hubeba watu. Fundi akikosea kiungo na kukificha, watu huzama. Namtaka mtu ambaye akikosea atakuja kuniambia mwenyewe. Mtu wa namna hiyo nitampimaje? Leo umejipima mwenyewe. Vyombo vyako viko wapi?"

"Vipo hapa, fundi."

"Basi vua shati."

Yotamu alivua shati. Alitaka kuruka kwa furaha, lakini aliogopa fundi atabadili mawazo. Walikagua ubavu wote. Andongwisye alisema magogo ya mvule yaliyokuwa ghalani hayajapasuliwa, na mafundi wake walikuwa kwenye tishali nyingine.

"Unawajua watu wa kupasua mbao?" aliuliza. "Lakini usiniletee kundi la walaji."

Hapo ndipo Yotamu alipoonyesha kwamba amejifunza. Zamani angejibu, "Rika langu lote." Sasa alisema hivi:

"Yuko Aliko. Yeye anajua kunoa msumeno kuliko sisi sote. Yuko Yakobo, fundi wa randa. Na yuko Tuntufye. Akishika msumeno, mstari wake haupindi. Huyo tumwahi, fundi. Yuko palepale na watu wa pwani."

"Basi kimbia."

Yotamu alikimbia. Vijana walikuwa tayari wamejitwika mizigo. Mtu wa pwani alikuwa anahesabu vichwa.

"Tuntufye, weka mzigo chini," alisema Yotamu. "Iko kazi ya msumeno hapahapa Mwaya. Nimekutaja jina."

Tuntufye alimtazama kama haamini. "Umenitaja mimi? Nami nilikutukana?"

"Nilikuambia sitaufunga mlango."

Mtu wa pwani alilalamika. Lakini Tuntufye hakuwa amechukua chochote kwake isipokuwa chakula cha njiani. Alikirudisha, tena akamwambia ndaga. Vijana wengine wawili waliuliza kama wao nao wanaweza kubaki. Yotamu hakuwadanganya. Alisema, "Leo sijui. Lakini niambieni mnajua kazi gani, nitawaulizia." Mmoja alijua kupika. Mama Felista akamchukua siku hiyohiyo, maana meli ikija wateja huongezeka.

Kazi ya tishali ilianza. Tuntufye na Aliko walipasua mvule, Yakobo akapiga randa, Yotamu akaunga. Siku moja Yotamu alichonga kiungo kikawa kifupi kidogo. Hakuna aliyeona. Alikwenda mwenyewe kwa Andongwisye.

"Fundi, hiki nimekikosea."

"Toa, weka kingine," alisema Andongwisye. Hakusema zaidi, lakini Felista alisimulia baadaye kwamba siku hiyo fundi mkuu alikula akitabasamu, jambo ambalo halikuwahi kuonekana.

Kisha wakakalafati, yaani wakaziba nyufa zote kwa pamba na lami. Siku meli ilipoonekana kwa mbali, ikitoa moshi, walisukuma tishali majini. Watu wote wa bandari walikuja kutazama. Tishali ilijazwa magunia ya mchele mpaka ikazama nusu ubavu. Yotamu aliingia ndani, akapapasa sakafu kwa mkono.

"Kukavu," alisema.

Wanawake walipiga vigelegele. Tuntufye alicheza ngoma bila ngoma. Andongwisye alisema tu, "Vyaelea, vimeundwa." Kisha akawaambia Yotamu na wenzake wabaki. Tishali zilikuwa nyingi, na ziwa lina hasira kila mwaka.

Kodi ya mwaka ule ililipwa, ya Yotamu na ya wenzake. Mtu wa pwani alipita Makwale mara nyingine, akakuta vijana wako kazini.

Ukwangala haukufa. Nani angekubali ufe? Vijana waliendelea kula pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Lakini waliongeza sheria moja. Kila anayekuja kula alete habari moja aliyoisikia kwa mtu asiye wa rika lao. Aliko alileta habari za wavuvi. Yakobo alileta za wapagazi. Siku moja mpiga makasia alisimulia kwamba mtu wa ng'ambo anataka milango. Hawakwenda wote. Walimchagua mmoja, akaenda na kipande cha kazi yake mkononi. Aliporudi alitoa jibu.

Rut naye alipata mteja mpya. Ambrose wa Katumba Songwe alichukua vyungu vingi vya mbegu. Rut alipita kwa Neli kutoa ndaga, akacheka, akasema, "Nilimtuma Yotamu atafute kazi yake, naye akanitafutia yangu." Ndivyo ilivyo kwa watu wanaofahamiana. Njia unayomwonyesha mwenzako, kesho utaipita wewe.

Mtoto alikuja asubuhi ya mvua. Uchungu ulipoanza, jirani mmoja alikwenda mbio Mwaya. Andongwisye alimruhusu Yotamu aende bila maswali, na Felista akamfungia wali ale njiani. Yotamu hakuula. Alitembea kwa mwendo wa kukimbia, na mvua ikamnyeshea njia nzima.

Mkunga alimpokea mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kubwa. Wanawake waliokuwa ndani walimshukuru Mungu. Mkunga alimfunga mtoto nguo, kisha akauliza kama alivyozoea kuuliza katika nyumba nyingi za Makwale:

"Baba yake yuko wapi, apelekewe habari?"

Mwanamke mmoja alifungua mdomo kusema, "Pwani," kwa mazoea. Neli alimtangulia. Alikuwa amechoka, lakini sauti yake ilisikika mpaka nje.

"Yuko hapo mlangoni."

Na kweli Yotamu alikuwa hapo, ameloa chapachapa, na mikono yake ingali na lami.